Dar es Salaam hadi Guangzhou: mbona kwenda ni saa 15 na kurudi ni saa 6?

Mzigo wa Kariakoo
Habari zenu, ndugu zangu. Nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, na mwezi ujao nitakwenda Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza kufuata mzigo mwenyewe. Tiketi ni ya ndege ya moja kwa moja, nayo inaonyesha kuondoka Dar es Salaam 10:00 na kufika 01:30 siku ya pili yake, ambazo kwa hesabu yangu ni saa 15 na nusu. Kurudi inaonyesha kuondoka 03:00 na kufika 09:00, yaani saa 6 tu. Je, tiketi imekosewa? Naomba pia kujua umbali wenyewe, kwa kuwa nina presha na daktari ameniuliza nitakaa kitini kwa muda gani.

Wakala wa Posta
Dada yangu, tiketi iko sahihi. Saa ya kuondoka huandikwa kwa majira ya mji unaoondoka, na ya kufika kwa majira ya mji unaofikia, na Guangzhou wametutangulia kwa saa 5. Utakapotua 01:30 ya kwao, saa yako ya mkononi, kama hujaigusa, itakuwa saa mbili na nusu usiku ya Dar es Salaam. Tangu saa nne asubuhi ni saa 10 na nusu. Kurudi, 03:00 ya kule ni saa nne usiku ya huku, na hadi saa tatu asubuhi ni saa 11. Daktari mwambie saa 11.

Abiria wa Dirishani
Umbali ni takriban kilomita 8,700, ukipima njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, ambayo hukatiza Bahari ya Hindi, kusini mwa India, Ghuba ya Bengal na Myanmar. Ndege kama Boeing 787 hukata karibu kilomita 900 kwa saa, lakini huko juu mara nyingi kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi, ambao huisukuma wakati wa kwenda na kuikabili wakati wa kurudi. Ukipitia Doha unafikisha kilomita 10,000 hivi, bila kuhesabu kusubiri. Hata hivyo, kwa mwenye presha, nafasi ya kunyoosha miguu katikati ya safari si jambo dogo. Muulize daktari na hilo.

Mama Vitenge
Mwanangu, tazama sana tarehe. Tiketi yangu iliandikwa 03:00, tarehe 15. Hiyo ni saa tisa ya usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo nilitakiwa kutoka hotelini tarehe 14 jioni. Mimi nilifika uwanjani usiku wa tarehe 15, nikiburuta mabegi mawili niliyokwisha kuyafunga kwa nailoni, nikaambiwa ndege iliondoka tangu alfajiri. Nililipa tiketi nyingine kwa fedha ya mzigo.

Mzigo wa Kariakoo
Ahsante sana, mama, na ninyi nyote. Nimeitazama tena: kurudi ni 03:00, tarehe 22, nami nilikuwa nimeomba chumba hadi tarehe 22 mchana. Nitatoka tarehe 21 jioni, na kabla ya saa sita usiku nitakuwa uwanjani.