Juisi ya vepu ya 20 naiona laini kuliko ya 12, koo langu linanidanganya?

Mvuke_Mpya: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Niliacha sigara nikahamia kwenye vepu, yaani sigara ya umeme, nikaanza na juisi ya kawaida ya nikotini miligramu 12, ilikuwa inakwangua koo balaa, pafu tatu tu, yaani mivuto mitatu, nishatosheka naweka chini. Wiki mbili hizi nimehamia podi, vepu ndogo ya kibebeo cha juisi, na juisi ya nikotini ya salti (chumvi) imeandikwa 20, cha ajabu inapita kama hewa, nikajua hii nyepesi basi nikawa navuta tu, niko kwenye kompyuta iko mkononi, niko kitandani iko mkononi. Juzi usiku moyo ukaenda mbio, mate yakajaa mdomoni, jasho jembamba likanitoka, nikalala chali nimefungua dirisha nangoja ipite. Lebo imekosewa au?

Koili: Pole sana mkuu. Lebo iko sawa, koo ndo linakudanganya. Kwenye salti nikotini inachanganywa na asidi, mara nyingi ya benzoiki, ule ukali wa kooni unashuka ila nikotini iko palepale. 20 ni miligramu 20 kwa kila mililita, asilimia 2, na ndo mwisho unaoruhusiwa nchi za Umoja wa Ulaya. Unamaliza podi, yaani vibebeo vya juisi, vingapi kwa siku?

Mvuke_Mpya: Viwili vya mililita 2, siku nyingine naingia cha tatu.

Koili: Basi jibu unalo. Miligramu 80 zinapita hapo kwa siku, hata kama mwili haunyonyi zote bado ni nyingi.

Dada_Menthol: Na si juisi peke yake kaka, angalia na mashine. Mimi natumia juisi ya miligramu 3 kwenye vepu kubwa ya wati 60, watu wanasema hayo maji, ila pafu moja linatoa wingu zito na nikotini inajumlishika humo humo. Tafadhali hiyo 20 usije ukaimimina kwenye mashine kubwa. Menthol nayo inaganzisha koo, unaona laini kumbe wapi.

Mzee wa Podi: Ila asikudanganye mtu ushuke mpaka 3 ghafla kwenye hiyo hiyo podi ndogo. Mimi nilifanya hivyo nikawa navuta bila kupumzika, nina hasira na kila mtu, sigara nikaianza tena siku ya nne. Nenda 10 ya salti, vuta pafu tano sita, weka chini dakika kumi. Nikotini inachukua kama saa 2 kupungua nusu mwilini, ukiunganisha pafu juu ya pafu inarundikana. Moyo ukienda mbio tena hata ukiwa hujavuta, muone daktari usisubiri.

Mvuke_Mpya: Asanteni sana jamani. Leo nimevuta sita nikaiweka droo ya chini, koo linataka bado ila kichwa kimetulia. Hii chupa ya 20 iliyobaki naweza kuizimua?

Koili: Ndio, mililita 5 za 20 na mililita 5 zisizo na nikotini, unapata 10. Vaa glavu, nikotini inapita kwenye ngozi, na chupa weka mbali na watoto.