Gumzo la familia: Ekseli ya tela la Idrisi

Idrisi: Shikamooni wakubwa zangu. Jana usiku nimemaliza kukata kuta mbili za ubavuni za lile tela dogo la kulala, lenye umbo la tone la maji. Nilizibana plaiwudi mbili za milimita 18 kwa jiliwa, nikachora mstari kwenye ile ya juu, nikakata zote kwa pamoja kwa jigso nikiuacha mstari ndani kidogo, kisha nikazipiga msasa mpaka kingo zikalingana. Kesho fundi atachomelea ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, katikati kabisa ya bodi.

Mjomba: Marahaba, mpwa wangu. Umefanya vyema kuzikata pamoja, kwa kuwa zingetofautiana hata kidogo paa lingepinda na mlango wa nyuma usingefunga. Lakini hiyo ekseli usiichomelee bado. Tela la ekseli moja linatakiwa kuegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye ndoano ya gari. Kwa tela lako, ulilosema litafika kilo 500 likijaa mizigo, ni kilo 50 hadi 75. Uzito huo ukipungua, tela huanza kuyumba kadiri mwendo unavyoongezeka, na dereva akishtuka akakanyaga breki kwa nguvu huliyumbisha zaidi.

Nuru: Kwa kuwa nitakayelala humo ni mimi, nakubaliana na Mjomba moja kwa moja.

Idrisi: Lakini Mjomba, kitanda kiko mbele na jiko liko nyuma. Nilidhani vinasawazishana vyenyewe.

Mjomba: Jiko ndilo linalokuponza. Umesema tangi la maji la lita 40 litakaa huko, yaani kilo 40, mita 1 nyuma ya ekseli. Kutoka ekseli hadi ndoano ni mita 2.5. Zidisha 40 kwa 1, ugawanye kwa 2.5, utaona kwamba maji hayo peke yake yanaiondolea ndoano kilo 16. Betri nayo iweke mbele, juu ya mkono wa tela, yaani kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye ndoano.

Mama Mdogo: Idrisi mwanangu, mimi mahesabu hayo namwachia kaka. Je, hewa itapitia wapi? Watu wawili wakilala katika kijumba kilichofungwa, pumzi zao hugeuka maji ukutani na godoro likaamka limelowa.

Idrisi: Kutakuwa na tundu la hewa darini na madirisha mawili yanayofunguka, Mama Mdogo. Kingo zote za plaiwudi nitazipaka epoksi, ile gundi ngumu inayozuia maji, kabla ya kufunga bati la alumini, kwa sababu maji huanza kupenya hapo.

Mama Mdogo: Vizuri. Na jiko lisiwashwe ndani hata kama mvua inanyesha, kwa maana kaboni monoksaidi haina harufu na aliyelala haisikii ikimwingia.

Nuru: Nimemwahidi Idrisi nitakula chakula baridi.

Idrisi: Mjomba, nimeahirisha kumwita fundi. Nimeifunga ekseli kwa boliti zinazofunguka, nikapanga viroba vya mchanga mahali pa kuta, godoro, betri na maji mpaka zikatimia kilo 500. Chini ya mkono nimesimamisha kipande cha mbao juu ya mizani ya bafuni. Inasoma kilo 31.

Mjomba: Je, fremu iko sawa kwa pima maji? Mkono ukiinuka au ukiinama, mizani itakudanganya.

Idrisi: Ilikuwa imeinama kidogo, nimeisawazisha na bado ni 31.

Mjomba: Basi rudisha ekseli nyuma sentimita 15 ili uzito zaidi uegemee mbele, upime tena.

Idrisi: Kilo 58.

Mjomba: Sasa yapige alama matundu ya boliti, kisha mwite fundi.