Mjadala: Mjamzito anayeanza kazi mpya amwambie mwajiri lini?

Mleta Mada
Wakuu, hoja iko hivi. Mwanamke ana mimba ya wiki 10, kafaulu usaili, mkataba uko mezani unasubiri sahihi. Wapo wanaosema akinyamaza kamuingiza mwajiri mkenge. Wapo wanaosema mimba si kosa, haimhusu mtu mpaka likizo ikaribie. Msimamo wangu: asiseme kabla ya kusaini, ila akishasaini asichelewe. Nipingeni.

Mdai Haki
Nusu ya kwanza sina ugomvi nayo. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, ibara ya 9, unakataza mwombaji kazi kudaiwa kipimo cha mimba au cheti cha kuonyesha hana mimba. Ila kuna mlango mmoja: kazi ambayo sheria ya nchi inamkataza mjamzito, au yenye hatari inayojulikana kwa mama na mtoto. Mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia tu, hilo tuliseme wazi.

Kuhusu "mkenge", mwaka 2001 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi iliyotoka Denmark. Mfanyakazi kaajiriwa kwa miezi 6, anajua ana mimba, hakusema, na sehemu kubwa ya mkataba asingeifanya. Mahakama ikasema kumwachisha kwa sababu hiyo ni ubaguzi, hata kama alinyamaza. Lakini kunyamaza ni kimoja, na kuandika "hapana" kwenye fomu iliyouliza ni kingine. Fomu ikiuliza isivyostahili, acha nafasi wazi kuliko kuandika uongo wenye sahihi yako chini.

Mwajiri Mdogo
Mnaongea kama waajiri wote wana idara nzima ya utumishi. Ofisi ya watu 4, mmoja akiondoka miezi 3 ni robo ya nguvu kazi. Kutafuta mbadala, kumfundisha, kumpa mkataba wa muda: huwezi kuanza hayo wiki mbili kabla. Akiniambia mapema napanga zamu. Akinishtukiza, hata mimi mwenye nia njema nabaki na kinyongo, na kinyongo hakisomi sheria.

Mdai Haki
Hapo una hoja, ila unamlaumu asiyehusika. Kinachouma ni nani analipa. Ibara ya 6 ya mkataba huohuo namba 183 inataka mafao ya uzazi yatoke kwenye bima ya lazima ya jamii au mfuko wa umma, na mwajiri asibebeshwe peke yake bila ridhaa yake, isipokuwa katika hali chache. Penye mfuko unaolipa kweli, huo woga wako unapungua nusu. Penye mwajiri anayelipa mwenyewe, ndipo wasichana wanaulizwa "una mpango wa kuolewa?" kwenye usaili.

Mkunga
Mnabishana juu ya likizo, mimi naangalia wiki. Viungo vya mtoto vinaumbika zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 8 tangu mimba itungwe, wakati wengi hawajamwambia hata mume. Kwenye mionzi, madini ya risasi, dawa za saratani, gesi za usingizi au viyeyusho vya rangi, kusubiri wiki ya 12 ni kuchelewa. Risasi inapita kondo la nyuma moja kwa moja. Kwa mionzi, kanuni ya kimataifa ni kwamba mama akishatangaza mimba, mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisivati 1 (kipimo cha mionzi) kwa muda wote uliobaki wa mimba. Angalia neno *akishatangaza*. Kabla ya hapo anahesabiwa kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Kazi ya mezani ni habari nyingine. Mimba nyingi zinazoharibika huharibika kabla ya wiki ya 13, na si kila mtu anataka ofisi nzima ijue alichopoteza.

Afisa Utumishi
Naongeza hesabu ambayo watu hawaipigi. Mchukue huyo wa wiki 10, mweke Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, lakini aliye chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Akianza leo, miezi 6 inatimia mimba ikiwa na wiki 36 hivi. Likizo inaruhusiwa kuanza wiki 4 kabla ya kujifungua, yaani wiki ya 36. Kapita kwenye tundu la sindano! Angeanza na wiki 16, miezi 6 ingemkuta ameshajifungua.

Notisi je? Miezi 3 kabla, na cheti cha daktari. Inaangukia wiki ya 27, akiwa na miezi 4 kazini, kipindi ambacho kinga ya kuachishwa isivyo haki bado haijamfikia. Kinachobaki kumkinga ni katazo la ubaguzi kwa sababu ya mimba, na ubaguzi bila karatasi ni mgumu kuuthibitisha.

Kenya ni tofauti: miezi 3 ya mshahara kamili, notisi ya maandishi ya siku 7. Uingereza, malipo ya uzazi ya mwajiri yanadai wiki 26 mfululizo kazini kufikia wiki ya 15 kabla ya kujifungua, ambayo ni wiki ya 25 ya mimba. Toa 26 kwenye 25, unajikuta kabla mimba haijaingia. Anayeanza akiwa mjamzito hayapati, labda posho ya serikali. Kwa hiyo soma sheria ya mahali ulipo *kabla* ya kuchagua tarehe ya kuanza. Wakati mwingine kuripoti wiki mbili mapema kunaokoa mshahara wa miezi.

Sasa namna ya kusema. Kosa kubwa ni kumwambia bosi kwa mdomo, korido, Ijumaa jioni. Mwezi unaofuata unaitwa kwa "utendaji hafifu", na hakuna pa kuonyesha kwamba alijua. Andika barua: tarehe ya leo, tarehe ya matarajio ya kujifungua, siku unayotaka kuanza likizo, marekebisho unayohitaji (kiti, zamu za usiku, kubeba mizigo), cheti kimeambatishwa. Omba nakala iliyogongwa mhuri au jibu la baruapepe, na uitunze nje ya akaunti ya kazini. Kabla ya kuikabidhi, omba tathmini ya kipindi cha majaribio kwa maandishi. Tathmini nzuri yenye tarehe ya kabla ya barua ina nguvu kuliko wakili wa baadaye.

Mleta Mada
Kwa hiyo narekebisha: kazi ya hatari, siku ya kwanza, kazi ya mezani, akishapata tathmini.

Mwajiri Mdogo
Tathmini kwanza, barua baadaye? Hapo ndipo mnaponipoteza. Huko ni kunitegeshea.

Afisa Utumishi
Kama tathmini ilikuwa ya kweli, imekutegeshea nini?