Fundi amelipiga msasa gitaa langu la besi lisilo na freti, na anadai kazi imekamilika

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Gitaa langu la besi la nyuzi nne, lisilo na freti (vile vipande vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole), limerudi kutoka kwa fundi mmoja wa Dar es Salaam likiwa na bonde kwenye ubao wa vidole, na fundi huyo bado anashikilia kwamba sina haki ya kudai hata senti moja ya shilingi 150,000 nilizomlipa.

Napiga besi katika kikundi cha taarabu hapa Unguja, na sababu ya kutotaka freti anaijua kila aliyewahi kukaa karibu na ala za udi na kanuni: sauti ya tatu ya rasti, ngazi ya sauti ya Kiarabu tunayoitumia, haimo katika freti yoyote, kwa kuwa iko baina ya E iliyoshushwa nusu toni na E yenyewe. Nilitaka nyuzi zishuke kutoka E, A, D, G hadi B, E, A, D kwa sababu rasti yetu huanzia C, na besi ya kawaida huishia kwenye E yenye mitetemo 41 kwa sekunde, ilhali kwa uzi wa B wenye mitetemo 31 naipata C ya chini kabisa kwa kidole cha kwanza.

Nilipaswa kutahadhari tangu aliposema kwamba inatosha kulegeza nyuzi zilezile. Uzi wa E ukishushwa hadi B, mitetemo yake inabaki robo tatu ya ile ya awali, na kwa kuwa mvuto hufuata mraba wa mitetemo, mvuto unabaki asilimia 56 tu. Uzi uliolegea kiasi hicho hautoi sauti ya maana, unachapa ubao. Nilimweleza hivyo, nikampelekea seti ya nyuzi tano niliyoiagiza kutoka nje, nikatoa uzi wa G na kumwachia nne zilizobaki. Zilikuwa nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe, kwa kuwa zile za waya wa mviringo hula ubao usio na freti.

Uzi wa B niliompa una unene wa milimita 3.3, na mfereji wa uzi wa E katika mfupa wa shingoni, ule unaoshikilia nyuzi mwanzoni mwa ubao, ulichongwa kwa uzi wa milimita 2.7. Mfereji huo ulipaswa kupanuliwa kwa pembeni, kwa tupa nyembamba ya mviringo, bila kuigusa sakafu yake, kwa sababu katika besi isiyo na freti uzi hupita juu ya ubao kwa nafasi ya unene wa kadi tu. Yeye alitumia msumeno wa chuma, akachimba kwenda chini mpaka uzi ukalala juu ya mbao. Kisha akafikiri kwamba nyuzi nene lazima zivute shingo kwa nguvu zaidi, akaikaza nondo iliyomo ndani ya shingo, ile inayozuia shingo isipindwe na nyuzi. Ukweli ni kinyume chake: nyuzi hizi nne katika B, E, A, D huvuta kidogo kuliko seti ya kawaida, kwa hiyo nondo hulegezwa, pengine robo mzunguko, shingo ikaachwa itulie usiku kucha, halafu ikapimwa tena. Kwa kuikaza aliipinda shingo kinyumenyume, na uzi wa B ukaanza kukwaruza ubao kuanzia mwanzo wa shingo.

Hapo ndipo alipofanya lile nisiloweza kumsamehe. Badala ya kurudi nyuma na kujiuliza mkwaruzo umetoka wapi, alichukua msasa akauparua ubao palepale ulipolia. Kwenye gitaa lenye freti, mbao iliyo katikati ya freti ikichubuka kidogo, sauti haiharibiki. Kwenye gitaa langu ubao wenyewe ndio freti, kila sehemu yake, na bonde la nusu milimita linatosha kuua noti zilizomo ndani yake. Kwa muda wa miaka sita nimekizoeza kidole changu mahali pa ile sauti ya rasti, na sasa nikikiweka hapo inatoka sauti iliyokabwa.

Hata daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, hakuligusa. Uzi mnene ni mgumu, hivyo kitako chake kwenye daraja hurudishwa nyuma zaidi ili sauti ya oktavu (noti ileile ya uzi mtupu, ila ya juu), katikati ya urefu wa milimita 864, isipande. Wangu unapanda waziwazi.

Namtaka arudishe shilingi 150,000 na agharimie kusawazisha ubao na kuweka mfupa mpya. Nimemwandikia mara tatu, na mara ya mwisho alinijibu kwamba gitaa ni gitaa.

Kama kuna fundi Unguja, Dar es Salaam au Mombasa mwenye rula ya chuma inayofika urefu wa shingo nzima, na kibao cha msasa chenye mviringo unaolingana na wa ubao, naomba anijibu hapa na aeleze anapima nini kabla ya kuanza kusugua. Gitaa hili halitoki tena nyumbani kabla sijausoma jibu hilo.