Naomba ushauri: kioo cha dirisha au Pyrex kwa darubini ya kujitengenezea?

Wakuu, naomba mnisaidie. Nataka kusaga kwa mkono kioo cha kuakisi cha darubini, kipenyo sentimita 20, nimekwama kwenye kuchagua malighafi. Kioo cha kawaida cha dirisha kinasagika upesi, lakini kikipata joto hutanuka karibu mara tatu ya Pyrex ya borosilikati (aina ya kioo kinachostahimili joto). Hilo ndilo linaloninyima usingizi: wakati wa kung'arisha msuguano unakipasha joto, umbo linabadilika, na ukipima kabla hakijapoa vipimo vinakudanganya. Kwatsi iliyoyeyushwa (kioo ambacho joto hukitanua kidogo sana) ni bora zaidi, ila siimudu.

Aliyewahi kung'arisha kioo cha kawaida chenye unene wa milimita 25, ulisubiri muda gani kabla ya kupima? Na usiku hewa ikipoa, taswira ya nyota ilitulia?