"Kuna mwenye swali?" Halafu maiki zetu kazizima yeye mwenyewe!

Wakuu, nina hasira hapa hata kibodi inaniogopa. Yule mzee wa bodi mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa "sisi ni familia moja" kila kikao. Leo kamtimua mtendaji mkuu wetu kwenye kikao cha video.

Kufukuza ni haki ya bodi, sibishi. Lakini mtu yuko palepale kwenye skrini, anasomewa "tunamshukuru kwa utumishi wake", anafungua mdomo aseme neno, kisanduku chake hakipo. Kwishnei. Halafu mzee anauliza: "Kuna mwenye swali?" Maiki zetu zote kazifunga! Sehemu ya kuandika kaifunga! Vile vikono vya kuomba kuongea vimejaa skrini nzima kama mabua shambani. "Naona hakuna swali. Asanteni."

NAONA HAKUNA SWALI! Anaona kwa macho gani?

Sababu eti "bodi imepoteza imani". Imepotelea wapi, chini ya meza? Na kaimu ni nani? Mzee mwenyewe! Naona hakuna swali, loh.

Kiti_Moto: Mkuu, ungefunguliwa maiki ungesema nini? Wewe kikao cha idara tu unajibu "naungana na msemaji aliyepita".

BintiSeva: Afadhali nyie mmeona sura. Carol Bartz, mtendaji mkuu wa Yahoo, 2011, mwenyekiti wa bodi alimfukuza kwa simu. Akawaandikia wafanyakazi wote baruapepe yeye mwenyewe, kwamba nimefukuzwa kwa simu. Mama ana moyo yule.

KodiMbovu: Tulieni, atarudi. Novemba 2023 bodi ya OpenAI, wale wa ChatGPT, ilimtoa mtendaji mkuu Sam Altman siku ya Ijumaa. Wafanyakazi zaidi ya 700 wakatia saini kwamba bodi isipojiuzulu wanaweza kuhamia Microsoft. Wiki haikuisha, karudi yeye, wakaondoka wajumbe kadhaa waliomtoa. Andikeni barua.

Mtoa uzi: Barua asome nani? Mikono yote ile hakuiona!

Babu_Kebo: Steve Jobs aliondoka Apple 1985 baada ya bodi kumnyang'anya madaraka, akarudi 1997. Mtoa uzi, tafuta kiti chenye mto.

Hisa_Hewa: Mnalia na bodi inayofukuza? Kwetu mwanzilishi kila hisa yake ina kura kumi, bodi ni watazamaji kama sisi. Juzi kabadili rangi ya nembo saa nane za usiku, asubuhi anauliza kwa nini tovuti bado ina ya zamani.

Kiti_Moto: Nembo tu? Kwetu makaimu wamepokezana mpaka kadi ya mlango hawaandiki tena jina. Imeandikwa KAIMU.

BintiSeva: Kadi hiyo inafungua choo cha ghorofa ya bodi? Maana yangu inagoma.

Mtoa uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Yule mzee...

Babu_Kebo: Choo kwanza, mkuu. Ya wageni ndiyo inafungua, jaribuni.