Tupeane uzoefu: nani amefufua gari ya zamani nyumbani, hapa hapa Nairobi?

Pijo ya Mzee

Wasee niaje. Kila mara naona mtu anauliza kama inawezekana kufufua gari ya zamani kwa ploti bila gereji ya maana, anajibiwa mistari miwili halafu watu wanaendelea na mambo yao, nikaona tuweke hizi stori mahali pamoja. Ongea gari uliyoshika kwa mkono wako, si ya jirani wala ile uliona YouTube.

Naanza mimi. Yangu ni Pijo 504 saloon, karabureta, injini ya 1971 cc, ilikuwa ya mzee na ililala Kikuyu chini ya mti wa ovakado hadi kuku wakaifanya nyumba. Kila mtu anayeiona swali la kwanza ni "injini inawaka?" na mimi nasema hilo swali ni la mwisho kabisa. Pijo zilikuwa zinaunganishwa hapo Mombasa, Ulaya waliacha kutengeneza saloon 1983 na huku tukaendelea kuzitumia kubeba watu Nyeri na Nakuru miaka na mikaka, kwa hivyo spea za injini ukizunguka Kirinyaga Road (wazee bado wanaita Grogan) unapata, na kama hupati unaonyeshwa mzee fulani ambaye ako nazo kwa mkebe. Kazi ni mabati. Chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa utembeze kwa milango, chini ya milango, karibu na taa za nyuma, mahali inaacha kushika ujue hapo umenunua fila, ile poda ya kujazia mashimo ya bati. Yangu chini ya mlango wa dereva sumaku ilianguka yenyewe. Nikatoa mkeka, nikaona nyasi ya nje ikiwa ndani.

Fundi wa kuchomelea nilimleta nyumbani wikendi, tukakata ile yote imeoza mpaka tukapata bati safi ndio tukaanza kushona mpya, hakuna kuweka kiraka juu ya kutu kwa sababu kutu inaendelea kula huko ndani ikiwa imefichwa. Msimamo wangu ni huo: mwili kwanza, injini mwisho. Mnasemaje?

Spana Kumi na Tatu

Mwili kwanza sawa, lakini kwa vile umetaja hiyo injini wacha niongeze kitu kabla mtu aharibu yake. Silinda za 504 si za kuchongwa kwa bloki, ni mikono ya chuma (sleeves, mabomba ambamo pistoni inapanda na kushuka) imetumbukizwa tu na maji yanaizunguka. Ukishatoa hedi, kifuniko cha juu cha injini, usizungushe krankshafti hata kidogo kabla hujaibana hiyo mikono na boliti na washa zake (zile pete za chuma), kwa sababu pistoni itaivuta juu, mpira wa kule chini utaachia na maji yataingia kwa oili. Nimeona mtu akilaumu gasketi mara tatu na shida ilikuwa kule chini.

KE Sabini

Mimi niko Umoja, gari ni Corolla DX, KE70. Ilikuja na injini yake ya 4K, 1290 cc, ile ya mizee, haifi lakini pia haiendi. Nikaweka 4A ya 1587 cc. Watu wa mitandaoni wanasema ni kufungua na kufunga. Si kweli bana. Ukinunua 4A ya mtumba mara nyingi imetoka kwa gari ya kuvuta na tairi za mbele, paipu za maji zinatokea nyuma ya hedi, ukiigeuza ikae kwa DX ambayo inavutwa na nyuma hizo paipu zinasukumana na ukuta wa dashi. Giaboksi ya 4K pia haishikani nayo, unatafuta giaboksi ya Toyota inaitwa T50, na T50 ikipatikana muuzaji anajua ameshika nini. Propela shafti, ile ya kuzungusha tairi za nyuma, ikakatwa ikapimwa upya huko Kariobangi Light Industries.

Kitu nitasifu ni kwamba breki nilianza nazo kabla ya injini. Masta silinda mpya, hosi mpya zote, pedi mpya, drami za nyuma zikasawazishwa. Gari ikiwa na nguvu mara moja na nusu ya ile ilitengenezewa na breki ni za enzi hizo, utajua hujui ukishuka Limuru.

Makaratasi Kwanza

Nyinyi wote mnaongea vyuma. Mimi nasema hata usishike spana kabla hujafanya search ya hiyo gari kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali. Gari za namba za zamani, za kabla ya KAA, nyingi ziko kwa jina la mtu aliyekufa kitambo, au kampuni iliyofungwa, logibuku ilipotea na mtu akiambiwa atoe anakuonyesha fotokopi imekunjwa mara nane. Nilipata Ford Escort safi sana Ngara, bei nzuri, body nzuri, mwenyewe alikuwa mpole hadi unamwonea huruma. Mwenye jina kwa rekodi alikuwa marehemu na familia ilikuwa kortini juu ya mali yote pamoja na hiyo Escort. Nikarudi na pesa yangu nyumbani.

Na KE Sabini, umebadilisha injini, umeandikisha? Namba ya injini ikibadilika au rangi ikibadilika rekodi lazima ibadilike pia, na gari inapelekwa inspekshen. Usingoje askari akufungulie boneti ndio ukumbuke.

KE Sabini

@Makaratasi imeandikishwa, nilipeleka inspekshen Likoni Road mwenyewe. Risiti ya injini weka vizuri wasee, ndiyo ya kwanza wanaitisha.

Mama Datsun

Habari zenu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa flati Kasarani, na gari yangu ni Datsun 1200 pikapu. Hizi Datsun watu wanazidharau, wanasahau Datsun ilishinda Safari Rally 1970, 1971 na 1973, ingawa hizo zilikuwa ndugu zake wakubwa si hii yangu ya kubebea sukuma.

Shida ya flati ni keateka. Siku ya kwanza nimemwaga oili kidogo kwa pakingi nikaandikiwa barua. Tukaongea na kaka yangu wa Ruiru, yeye ako na ploti, pikapu ikavutwa hadi huko na mimi kila Jumamosi ninapanda matatu na begi la spana, makanga wananiuliza mama unaenda kazi gani.

Sasa kitu ya kuwapa. Vitu vidogo vyenye kutu kama bawaba, mabano ya bampa, rimu, mimi sipigi msasa. Nanunua molasi ile ya ng'ombe kwa agrovet, nachanganya sehemu moja na maji sehemu tisa kwa drami, natumbukiza nasahau wiki moja mbili hivi. Inatoka chuma cheupe, ile kutu imeyeyuka na chuma kizuri hakijaguswa sana. Ukitoa osha na ukaushe saa hiyo hiyo upake praima, ukichelewa mpaka jioni kutu imerudi. Aluminiamu usiweke kabisa, itakuliwa. Na weka hilo drami mbali na nyumba, linanuka na nzi ni wengi, shemeji yangu wa Ruiru hatujaongea vizuri tangu hapo.

Pijo ya Mzee

Hahaha ng'ombe wanalala njaa juu ya bampa za Mama Datsun. Hiyo najaribu na rimu zangu.

Landi Rongai

Land Rover Series III hapa, petroli, 2286 cc. Watu wanadanganyika na hii gari kwa sababu ukiangalia body ni aluminiamu, inang'aa, halafu unainama unaangalia chasisi. Chukua nyundo ndogo ugonge reli zote mbili kutoka mbele hadi nyuma. Ikilia ngo ni nzima. Ikilia pu, panga bajeti nyingine. Na hapo aluminiamu inakutana na chuma pakiwa na maji inakuwa unga mweupe, angalia chini ya milango.

Kitu ya pili haijasemwa hapa ni petroli. Hizi injini zilitengenezwa wakati petroli ilikuwa na risasi ndani, na hiyo risasi ndiyo ilikuwa inakinga viti vya valvu, pale valvu inakaa ikifunga. Kenya tuliiacha 2006. Hedi ya chuma ya zamani ukiendesha kwa nguvu kwa petroli ya sasa viti vinaliwa polepole, nafasi ya valvu inaisha, asubuhi gari inakataa kuwaka na kompreshen imeshuka. Ukifanya oveholo mwambie fundi wa mashine aweke viti vigumu upande wa kutolea moshi, ni kazi ya mara moja. Wenye hedi za aluminiamu kama Pijo na Datsun msiwe na wasiwasi mwingi, hizo zilikuja na viti vya kuingizwa.

Spana Kumi na Tatu

Landi umenikumbusha ya karabureta. Huku Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, karabureta iliyopimiwa usawa wa bahari inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyoko. Plagi zinatoka na masizi, gari inakunywa, watu wanabadilisha koili bure. Ford Cortina yangu niliiwekea jeti ndogo, kile kitundu cha kupitishia petroli, ikawa tamu kabisa. Sasa ndugu ya bibi yangu akaiomba ya harusi Mombasa. Nikamwambia vizuri, ukishuka badilisha hii jeti, nikamfungia ile ya zamani kwa karatasi na bisibisi yake nikaweka kwa dashibodi. Kule chini hewa ni nzito, jeti ndogo inatoa petroli kidogo, injini inachemka. Kufika Voi ananipigia simu ati inagonga na temperecha imepanda. Karatasi ilirudi Nairobi haijafunguliwa. Bibi harusi aliletwa na Probox.

Volks ya Jericho

😂😂 Probox haijawahi kuangusha mtu.

Mimi Beetle. Wenye Beetle inueni kiti cha nyuma mwangalie betri, iko hapo chini na asidi yake inakula sakafu hadi unaona barabara. Na springi za kiti zikigusa vichwa vya betri kiti kinashika moto, weka kifuniko cha mpira. Uzuri wake body inafunguka kwa boliti, vijana wa bodaboda wa hapo stegi waliniinulia ikawekwa kando, sakafu ikachomelewa ikiwa wazi. Tanki tulitoa kwanza tukaipeleka mbali. Mtu asichomelee karibu na tanki ati kwa sababu iko tupu, tupu ndiyo mbaya, mvuke ndio unalipuka.

Sijabadilisha kitu zaidi ya waya. Yangu ilikuwa ya volti 6, taa za usiku ni kama mshumaa, nikaenda 12. Mengine yote nimeacha vile yalivyokuwa kwa sababu nataka kuipeleka Concours, yale mashindano ya magari mazuri, pale Ngong Racecourse, na wale majaji wanaangalia hadi chini ya gari.

KE Sabini

Hapo ndio hatutapatana. Gari ni ya kuendesha.

Mama Datsun

Kila mtu na yake. Swali langu: raba za kioo cha mbele za Datsun 1200 nani amepata? Zile nimeuziwa ni za mita, kona zinaacha nafasi na mvua inaingia kwa miguu.

Landi Rongai

Mama, za mita zinakaa kama utakata kona kwa digrii 45 na kuziunganisha na gundi ya raba kabla ya kuvalisha kioo, si baada. Halafu kioo kivalishwe na kamba: pitisha kamba kwa mfereji wa raba, mmoja asukume kutoka nje, mwingine avute kamba kutoka ndani polepole. Fanya mchana jua likiwa kali, raba ikiwa laini. Kama uko Ruiru Jumamosi hii nitapitia hapo nikitoka Thika, nitakuja na gundi.

Mama Datsun

Karibu. Drami la molasi nitalifunika.